Niliomba mashine iwake, nikapoteza sauti ya bibi

Naandika hii bado nina hasira, nikipitiliza mnisamehe. Laptopu yangu ilizimika katikati ya update, kipindi kile umeme unakatikakatika, na betri ilishakufa siku nyingi nilikuwa naitumia ikiwa kwenye waya muda wote kama pasi. Nikiwasha inazungusha vile vidoti, inasema inajirekebisha, inazima, inaanza upya. Nikaibeba mpaka Kariakoo kwa fundi niliyeelekezwa na mtu wa ofisini, duka silitaji, akaniambia mama nenda urudi jioni.

Jioni nimerudi, mashine inawaka haraka kuliko siku niliyoinunua. Nikafurahi kama sekunde tano hivi. Halafu nikaona desktopu nyeupeee, hakuna kitu, kimebaki kile kikapu cha takataka peke yake pale konani.

"Kaka, vitu vyangu viko wapi?"

"Vitu gani?"

"Vilivyokuwa humu."

"Nimekupigia Windows mpya, mama. Si ulitaka iwake? Imewaka."

Hajainua hata macho! Anakula chipsi huku bisibisi iko mkono wa pili, simu ya mtu imelala tumbo wazi mbele yake. Nilipoanza kupandisha sauti ndiyo akanipa na somo, eti vitu vya maana watu wanaweka D, ile sehemu ya pili ya diski, hawaweki desktopu. Haya, D kweli hakuigusa. Kule D nina tamthilia ya Kituruki msimu mzima, salama salimini.

Kilichokuwa desktopu ni sauti ya bibi yangu. Nilimrekodi kijijini karibu saa nne nzima, ukoo ulikotoka, nani alimuoa nani, ugomvi wa shamba ulianzaje, na simu ilipojaa nikahamishia kwenye laptopu nikafuta kwenye simu. Bibi hayupo sasa. Sikuweka kwenye fleshi, sikuweka Google Drive ambayo inakupa GB 15 za bure, najua, msinianze, nishajianza mwenyewe vya kutosha.

Nikaenda kwa kijana mwingine anafanyia kazi nyumbani kwao. Huyu kabla hata ya salamu kuisha akauliza, "Umeitumia tangu pale?" Nikasema nimeweka Office na nimepakua vitu viwili vitatu. Akafumba macho kama mtu aliyeumwa jino. Akanieleza kwamba kupiga Windows kule kunafuta orodha tu ya vitu viko wapi, vitu vyenyewe vinabaki mpaka kitu kingine kije kikae juu yake, kwa hiyo mimi na Office yangu tumemsaidia yule wa kwanza kumalizia kazi. Akasema nishukuru hadidiski yangu ni ile ya zamani inayozunguka, ingekuwa SSD, zile za kisasa zisizozunguka, yenyewe ikishaambiwa kitu kimefutwa inasafisha kweli, ningerudi nyumbani kulia tu. Akaichomoa, akaiweka kwenye kesi ya USB, akaiacha programu inachokoa usiku kucha. Laki na nusu. Nimefika nyumbani nimeitafuta hiyo programu, inaitwa PhotoRec, ya bure! Ya bure jamani! Lakini aliniuliza lile swali, kwa hiyo laki na nusu yake sina kinyongo nayo. Kidogo ninacho.

Na zile kesi za USB zinaning'inia dukani kwa yule wa kwanza, nyuma ya kichwa chake, anaziuza! Angechomoa hadidiski akachomeka kwenye mashine nyingine akanakili vitu vyangu KABLA ya kugusa chochote. Alikuwa na vifaa vyote. Alikosa tu mdomo wa kuniuliza.

Ila nikiri kitu. Nimeitafuta risiti yake nikamtolee nayo maneno, kumbe imeandikwa "kupiga Windows", na chini sahihi ni yangu mimi. Sikuisoma. Nilikuwa nawahi daladala. Kwa hiyo sijui nimpe nyota ngapi, nilitaka moja, nikaweka mbili, halafu nikakumbuka zile chipsi nikarudisha moja.

Vilivyopatikana havina majina. Vinakuja vimeitwa f na tarakimu ndefu, folda zinaitwa recup_dir.1, recup_dir.2, kila moja faili mia tano, na nusu yake ni vinembo vya tovuti ambazo sikumbuki kama niliwahi kuzifungua. Nafungua moja moja usiku watoto wakilala. Juzi nimempata bibi, dakika kumi na moja hivi, anakohoa, anamfukuza kuku, anaanza, "Sasa yule mdogo wake, yule aliyekimbilia..." halafu kimya, faili imeishia hapo. Amekimbilia wapi sijui. Niko folda ya ishirini na tatu, zimebaki kumi na nane.