Mita ya klorofili kwenye mahindi: haidanganyi, ila ilinganishe na mahindi yaliyokunywa maji yaleyale

Nimekaa na hiki kifaa misimu mitatu sasa, ile mita ya mkononi ya kubana jani, na naona wengi wanauliza kama kweli inaweza kukwambia mahindi yana njaa ya naitrojeni au la. Jibu langu ni ndio, inaweza tena vizuri tu, ila maji yakizingua shambani, iwe ukame au kutuama, hapo ndo utajua kama unaielewa au unabanabana majani tu.

Kifaa chenyewe sina ugomvi nacho. Kidogo, kinaingia mfukoni, kinatumia betri mbili na zinakaa sana. Unawasha, unakibana kikiwa kitupu kwanza kijiweke sawa, alafu unabana jani na namba inatokea kwenye skrini. Ndani kinapitisha mwanga wa aina mbili, mwekundu wa nanomita 650 ambao klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya jani, inaunyonya, na wa nanomita 940 usioonekana kwa macho ambao klorofili inauacha upite, kisha kinalinganisha kilichotokea upande wa pili. Kwa hiyo hakipimi naitrojeni jamani, kinapima ukijani. Inafanya kazi kwa sababu naitrojeni nyingi ya jani iko kwenye sehemu hizohizo za kijani zinazotengeneza chakula cha mmea. Lakini jani lililokosa salfa au chuma nalo linapauka, namba inashuka vilevile, na mita haiwezi kujua kosa ni la nani.

Kingine, kinapima kieneo cha milimita 2 kwa 3 tu, yaani kama punje ya mchele, so ukibana mimea mitano ukatoa uamuzi umejidanganya. Mimi nafanya mimea 30 kila sehemu, naruka iliyojitenga au iliyobanana sana, nabana katikati ya shina na ncha ya jani, na katikati ya mshipa mkuu na ukingo. Kabla ya ndevu kutoka natumia jani la juu kabisa ambalo shingo yake (pale jani linapoungana na shina) imeshaonekana, ndevu zikitoka nahamia jani la penye hindi. Ukichanganya majani hesabu zote zimeharibika.

Sasa maji, na hapa ndo nilipoumia. Msimu wa kwanza mvua ilikata mahindi yakiwa magotini, namba zikashuka, nikapata hofu nikamwaga yurea. Udongo mkavu, jua kali, mbolea imekaa juu juu tu pale, na yurea ikikaa hivo bila maji ya kuishusha sehemu yake inageuka amonia inapotelea hewani. Siku chache baada ya mvua kurudi mahindi yalikijanika hata sehemu ambazo sikuweka kitu! Manake naitrojeni ilikuwepo ardhini muda wote, ila inafika kwenye mizizi ikisafiri na maji, na maji hayakuwepo. Mmea ulikuwa na njaa kweli, mita haikukosea, niliyekosea ni mimi niliyedhani njaa ya jani ni sawa na ukosefu wa mbolea kwenye udongo.

Ukame unafanya pia kinyume chake, na hili linachanganya zaidi. Kiu ikiwa ya wastani majani yanakua madogo na mazito, ukijani unajikusanya kwenye eneo dogo, namba inapanda, unaona mahindi yameshiba kumbe yamedumaa. Kwa hiyo namba moja peke yake, sijui 45 sijui 50, mimi siku hizi siiamini kabisa. Hata mbegu zinatofautiana ukijani wa asili.

Dawa yake ni mstari wa kulinganisha. Unachagua mistari michache ndani ya shamba lako hilohilo, mbegu ileile, siku ileile ya kupanda, unaipa naitrojeni ya kutosha kabisa tangu mwanzo. Ukienda kupima unachukua wastani wa shamba unagawa kwa wastani wa mstari, unazidisha kwa 100, huo ndo uwiano. Ikishuka chini ya 95 mahindi yanahitaji mbolea ya kukuzia. Hiyo 95 imetokana na kazi ya watafiti wa Nebraska kule Marekani kwenye mahindi ya kumwagilia, kumbuka hapo, kwao maji hayakuwa shida. Wewe unayetegemea mvua lazima uhakikishe mstari na shamba vimepata maji sawa, la sivyo unapima kiu unaiita njaa.

Msimu wa pili kiangazi kikarudi, shamba likashuka ila na mstari nao ukashuka, uwiano ukabaki 97. Nikatulia, sikuweka kitu, mvua ilipokuja vyote vikapanda pamoja. Kwa hilo peke yake naishukuru sana hii mita.

Kosa likabaki bondeni. Maji yalituama siku kadhaa, mahindi yakawa ya njano, uwiano ukasoma 86. Maji yakituama udongo unakosa hewa, bakteria wanaigeuza naitreti, ile naitrojeni ya udongoni ambayo mizizi inaivuta, kuwa gesi, nyingine inazama na maji chini ya mizizi, kwa hiyo pale upungufu unaweza kuwa wa kweli kabisa. Lakini mizizi iliyokosa hewa nayo haivuti chakula hata kama kipo, na mstari wangu ulikuwa juu kwenye mwinuko, so sikuweza kujua kipi ni kipi. Nilisubiri udongo ukauke kidogo nikapima tena, uwiano bado uko chini, nikaweka mbolea, na yakaitika.

Mapungufu mengine: haioni ziada, mmea ukishashiba namba inakaa palepale hata ukiongeza mbolea mara mbili, kwa hiyo usiitegemee ikwambie umezidisha. Kabla ya majani sita yenye shingo usijisumbue nayo, mmea bado mdogo. Umande ukiwa kwenye jani, subiri ukauke. Na mahindi yakiwa yamejikunja kama mkeka mchana, usipime, rudi asubuhi, au bora zaidi siku chache baada ya mvua.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Msimu huu mstari wangu nimeushusha kuanzia juu kwenye mwinuko mpaka bondeni kabisa, nipime juu kwa juu na chini kwa chini.