Eti sijazoea kahawa kali

Nianze na ile simu, maana ndiyo iliyonikera. Niliwapigia wauzaji wa kahawa kwa adabu zangu zote, nikaeleza kwamba kahawa yao nyeusi, ile iliyokaangwa mpaka ikang'aa mafuta, inanipa kikombe chenye ladha ya jivu. Kijana aliyepokea akacheka. Akacheka kweli, nilimsikia. "Dada, labda hujazoea kahawa kali." Mimi! Niliyeanza kuidokoa kwenye vikombe vya wakubwa kabla sijaruhusiwa!

Nilitaka kumuuliza jambo moja tu: imekaangwa lini? Pakiti ina tarehe ya mwisho wa matumizi, ya kukaangwa haina. Kwa kahawa nyeusi hilo si dogo. Punje zikikaangwa sana, mpaka joto lizipasue mara ya pili, mafuta huanza kutoka nje, na yakishakutana na hewa hayakawii kuchacha. Akanijibu, "Kahawa haiozi, dada," akakata.

Nikaapa sinunui tena. Pakiti ya pili, ambayo hata sikuifungua, niliitupa nyuma ya kabati, na ingebaki hukohuko kama siku moja asubuhi ningekuwa na kitu kingine cha kunywa.

Sasa inaniuma kusema, lakini nusu ya kosa lilikuwa langu. Nusu nyingine ni ya maelekezo yao mgongoni mwa pakiti: "Mimina maji yanayotokota." Yanayotokota, kwenye kahawa iliyokaangwa kiasi kile! Punje nyeusi zina vitundu vingi na zinaachia kila kitu haraka. Ukizimwagia maji ya nyuzi 100 unakamua uchungu mpaka tone la mwisho. Safari hii niliacha birika wazi lipoe mpaka kipimajoto kikasoma 87. Nikasaga chengachenga, gramu 20 kwa gramu 300 za maji, nikamimina kidogo kwanza ili unga ulowe.

Ukaumuka. Ukapanda kama kinyago cha tope kinachopumua, mapovu yakipasuka juu taratibu. Kumbe gesi itokanayo na kukaangwa ilikuwa bado imo, na kahawa iliyozeeka haiumuki hivyo. Kwa hiyo yule kijana... basi, tuyaache.

Baada ya dakika 4 nikabonyeza chujio, nikaonja. Chokoleti chungu, sukari iliyoungua kidogo, na mwishoni moshi wa mbali, kama uliobaki kwenye nguo. Uchachu karibu hakuna. Kikombe cha pili nilikinywa nimesimama palepale jikoni.

Kwenye maoni yangu kuhusu kahawa hii nilikuwa nimeshaandaa nyota moja, nikapandisha mpaka nne. Halafu juzi mashine ya kusagia ikagoma katikati ya kazi. Nikaifungua: meno yote yamegandwa na uji mweusi wa mafuta, nikakaa nusu saa nauchokoa kwa kijiti cha meno na brashi kavu, kahawa imejaa kwenye kucha. Nikashusha mpaka tatu. Leo asubuhi nimekunywa tena, na mkono unanituma nirudishe ya nne.

Pakiti nyingine nimeshaagiza, ila kwa ujumbe wa maandishi, nisiisikie ile sauti. Mwishoni nikauliza tena: imekaangwa lini? Wamepokea oda, wamepokea hela. Swali wamelisoma, naona alama, na mpaka sasa kimya.