Seti ya stensili za kadi: uzoefu wangu

Anayefikiria kununua seti ya stensili ili atengeneze kadi mwenyewe, namwambia anunue, ila ajue anacholipia ni zile plastiki zenye matundu ya kupigia rangi. Vingine vilivyomo kwenye boksi si vya kutegemea.

Yangu niliichukua Kariakoo kwa shilingi 18,000. Plastiki zimetobolewa picha za wanyama, maua, miavuli na maneno. Ni ngumu kiasi, unaona kilicho chini yake, na kingo za matundu zimekatwa safi. Kilichonikosha ni jinsi picha zinavyochanganyika. Unapiga twiga, unahamishia mwavuli juu ya kichwa chake, unambandikia viatu vya kitenge, basi mtoto hataki tena kuiachia kadi hiyo. Samaki niliyemvisha kofia ya gazeti, mama mkwe amemweka kwenye kabati la vyombo, mbele ya vikombe vya wageni.

Rangi tumia ya akriliki, nzito, na sponji iwe kavu. Igonge kwanza kwenye karatasi chakavu mpaka iache alama hafifu kama vumbi, ndipo uje kwenye kadi, ukigonga wima bila kusugua. Rangi ya majimaji hupenya chini ya plastiki na picha ikaharibika kingo.

Upande wa maneno ndipo seti hii inaponiudhi. Yote ni ya Kiingereza! Nataka kuandika Hongera, Pole, Idi Njema, nalazimika kutafuta stensili ya herufi moja moja. "Heri ya siku ya kuzaliwa" ina "a" nne, na kila moja inasubiri iliyotangulia ikauke. Tena vile vijiti vyembamba vinavyoshikilia katikati ya herufi kama A na O vikikatika, herufi hiyo imekwisha, kwa hiyo osha taratibu kabla rangi haijagandana.

Gundi ya kijiti iliyomo inashika karatasi, nguo haishiki. Mimi natumia gundi nyeupe ya mafundi seremala. Vipande vya vitenge naviomba kwa fundi cherehani, navipaka gundi nyembamba kwa nyuma, naviacha vikauke, ndipo nakata. Nyuzi hazichomoki kabisa na mkasi unapita kama kwenye karatasi. Kanga iliyochakaa usiitupe: pindo linakupa fremu, mji unakupa maua, na jina linakupa ujumbe. Kadi ya shukrani ya mwalimu wa mwanangu niliibandikia "Wema hauozi" kutoka kwenye kanga. Herufi za kanga ni kubwa, hivyo nilikata ukanda wa manila kwa urefu wote wa A4 na kuukunja huku na huku. Ukiuvuta, maneno yananyooka. Mwalimu aliufungua na kuufunga, akaufungua tena.

Kadi tupu za kwenye boksi ni nyepesi, gundi ikikauka zinajikunja. Nunua manila nzito, gramu 250 hivi kwa mita ya mraba. Kata A4 katikati, kunja kila nusu, umepata kadi mbili za A6 zinazoingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Kama umebandika vitu vingi, ijaribishe kwenye bahasha kabla hujaandika jina la mtu, maana kitenge kikipandana tabaka tatu bahasha haifungi.