Kuiandaa nyumba ya Sinza kwa ajili ya kuuzwa: tathmini ya huduma niliyoilipia

Baada ya familia kukubaliana kuiuza nyumba ya marehemu baba yetu iliyopo Sinza, mimi nikiwa msimamizi wa mirathi niliamua kuilipa ofisi moja ya hapa Dar es Salaam ambayo kazi yake ni kuandaa nyumba kabla hazijatangazwa kuuzwa. Sitaitaja ofisi hiyo kwa jina, kwa kuwa ninayo malalamiko mazito juu ya jambo moja, lakini nitaeleza kazi yake kwa kirefu, maana huduma ya aina hii si ya bei ndogo na mwenye nyumba anastahili kujua anachokilipia. Maoni yangu ni kwamba sehemu ya huduma inayohusu kurekebisha kasoro, kusafisha na kupanga nyaraka ilistahili kila shilingi, na sehemu ya kuipamba nyumba kwa vitu vya kukodi haikustahili. Mnunuzi wa nyumba katika jiji hili haji kutazama makochi. Anauliza habari za maji, anauliza hati, anauliza kama mvua za masika hujaza barabara hadi getini, kisha anapitisha kiganja ukutani.

Kazi ilianza kwa ukaguzi uliogharimu shilingi 150,000, fedha ambazo hukatwa katika malipo ya mwisho iwapo mwenye nyumba ataendelea nao. Mkaguzi alifungua kila bomba, akavuta maji ya kila choo, akawasha kila swichi, akapanda darini na tochi, na huko uani akainua mifuniko ya chemba za maji machafu moja baada ya nyingine. Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na nyumba nyingi zilizojengwa tangu wakati huo zina maradhi yanayofanana: mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu kwa ndani hadi maji yanatoka kwa kusuasua, nyaya za umeme zilizorefushwa kila familia ilipoongeza chumba, na kuta zinazotoa chumvi. Ripoti yake iligawa mambo katika yale ya lazima, yale yenye faida na yale ya kuachwa kama yalivyo, na hili la mwisho ndilo lililonipa imani naye. Alishauri tusiliguse jiko hata kidogo, kwa hoja kwamba anayenunua nyumba ya zamani Sinza mara nyingi anafuata kiwanja na eneo, kwa hiyo jiko jipya tutakalolijenga kwa mamilioni atalivunja yeye mwenyewe bila kutulipa gharama yake. Ofisi inayopata fedha kutokana na matengenezo ingeweza kunyamaza juu ya hilo, nayo haikunyamaza.

Malalamiko yangu yanahusu ukuta wa sebule unaopakana na bafu. Rangi yake ilikuwa imefura kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na ukiugusa, unga mweupe unabaki vidoleni. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali pale ambapo msingi haukuwekewa tabaka la kuzuia unyevu, yakibeba chumvi iliyomo katika udongo au katika mchanga uliojengewa, na yanapokauka kwenye uso wa ukuta chumvi hiyo huganda na kuisukuma rangi pamoja na lipu hadi zibanduke. Fundi wao alipendekeza kuukwangua ukuta, kuupiga skimu ya jipsamu, yaani tabaka jembamba la kulainisha uso wa ukuta, na kuupaka rangi ya mafuta, akieleza kwamba utakaa safi kwa miezi kadhaa, muda unaotosha kabisa kuiuza nyumba. Nilikataa. Jipsamu hunyonya maji na kulainika, na rangi ya mafuta huuziba ukuta usiweze kupumua, hivyo unyevu hutafuta njia juu zaidi na doa lililoishia gotini hufika kiunoni. Lakini hata kama njia ile ingefaa kiufundi, kumficha mnunuzi kasoro unayoijua ni kumdhulumu, na sikuwa tayari mali ya marehemu iuzwe kwa dhuluma.

Msimamizi wa kazi alichukua muda kukubali, na nasema wazi kwamba ofisi inayojiita ya kitaalamu haikupaswa kungoja mteja ailazimishe. Alipokubali, kazi ilifanywa vizuri. Kwanza lilibadilishwa bomba la bafuni lililokuwa likivuja ndani ya ukuta ule ule na kuongeza unyevu. Chumvi ikasuguliwa kwa brashi kavu, kwa sababu kuiosha kwa maji huiyeyusha na kuirudisha ndani ya tofali. Lipu ya zamani ikabanduliwa hadi juu ya mwisho wa doa, ukuta ukaachwa wazi ukauke katika miezi ya kiangazi, kisha ukapigwa lipu ya saruji iliyochanganywa na chokaa na kupakwa rangi ya maji. Matengenezo hayo yalipunguza tatizo bila kuondoa chanzo chake chini ya msingi, nasi tuliandika hivyo katika karatasi ya kasoro ambayo kila mnunuzi mwenye nia alipewa. Mmoja aliisoma, akashukuru na hakurudi. Aliyenunua aliisoma pia, akaitumia kuomba punguzo, tukakubaliana.

Kwa nje palikuwa na jambo ambalo mkazi yeyote wa Dar es Salaam atalielewa. Ukuta wa mbele ulikuwa na maandishi makubwa mekundu, NYUMBA HII HAIUZWI, yaliyoandikwa wakati wa mvutano wa kifamilia ambao ulikwisha kusuluhishwa. Mafundi waliyapaka rangi nyeupe ya maji mkono mmoja, wakafunga ndoo zao wakaondoka. Kesho yake jua la saa tano lilipoupiga ukuta, kila herufi ilisomeka kwa rangi ya waridi, na pale kwenye herufi Z, ambapo mwandishi wa awali alikuwa ameacha rangi ichuruzike, mchirizi wake ulionekana hadi chini. Ilibidi warudi kupiga msasa, kupaka rangi ya kwanza ya mafuta ya kuziba ile nyekundu, na kupaka nyeupe mikono miwili juu yake, nao hawakutoza nyongeza. Waliloshauri baada ya hapo lilikuwa na thamani kuliko rangi yenyewe. Walisema majirani wanayakumbuka maandishi, na mnunuzi makini huwauliza majirani kabla ya kumuuliza dalali, hivyo tuandae muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za warithi wote na kuupeleka pia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ili atakayeulizwa awe na jibu la kweli.

Usafi walioufanya ndani ulikuwa wa hali ya juu: vigae vya bafuni vilisuguliwa hadi kwenye maungio, nyavu za madirisha zilivuliwa na kuoshwa badala ya kufutwa tu, balbu zote zikawa za mwanga wa aina moja, na mwembe wa uani ulipunguzwa matawi hadi chumba cha nyuma, ambacho sikuwahi kukiona bila taa mchana, kikapata mwanga. Kazi hiyo ilifanywa shangazi yangu akiwa bado anaishi humo, na hapa ndipo nilipouona utu wa wafanyakazi wao. Sebule ilikuwa na kabati la vyombo lililojaa, makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda za miaka iliyopita na picha kubwa ya marehemu. Dada aliyesimamia upangaji alimsogelea na kumwambia, “Shangazi, tunaomba ruhusa yako tuishushe picha ya baba. Tutaifunga kwenye kanga, na mahali pa kuiweka utachagua wewe.” Shangazi alikaa kimya kidogo, kisha akajibu, “Ishusheni wanangu, ila msiilaze chini.” Picha ilisimamishwa juu ya kabati la chumbani kwake na haikuguswa tena. Wapo wanaofanya kazi hii wakimtaka mwenye nyumba ahame kwa muda, nami kwa familia yenye mzee ndani nisingekubali masharti hayo.

Kisha zikaja samani za kukodi, ambazo zilichukua karibu theluthi moja ya gharama yote: makochi ya kijivu, zulia, meza ya kioo na maua ya plastiki. Vilipendeza, sikatai, lakini wanunuzi walivipita. Walitaka kuona sakafu chini ya zulia, na wawili waliomba kochi lisogezwe ili watazame ukuta wa nyuma. Kitanda kilichowekwa katika chumba kidogo kilisaidia kweli, kwa sababu kiliwaonyesha kwamba kitanda cha futi tano kwa sita kinaingia na kabati linabaki na nafasi yake. Zaidi ya hapo, chumba kitupu kilichopakwa rangi vizuri kinajieleza chenyewe. Picha nazo zilipigwa asubuhi, wakati jua linaingia sebuleni, jambo zuri, ila mpiga picha alitumia lenzi pana mno iliyoifanya sebule ionekane kama ukumbi. Wageni wa mwanzo walisimama mlangoni na kusema kwamba walitarajia chumba kikubwa zaidi. Tulidai picha mpya zilizopigwa kwa lenzi ya kawaida na kuandika vipimo vya kila chumba kwa mita, na malalamiko hayo yakaisha.

Jalada la nyaraka waliloliandaa ndilo lililoharakisha mauzo kuliko kitu kingine chochote. Waliniambia mapema kwamba hati iliyo katika jina la marehemu haihamishwi moja kwa moja kwenda kwa mnunuzi, bali kwanza huandikishwa kwa jina la msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa hiyo hatua hiyo ilishughulikiwa katika ofisi ya Ardhi wakati mafundi wakiwa bado kazini. Ndani ya jalada kulikuwa na nakala ya hati pamoja na maelezo ya miaka iliyobaki katika kipindi chake, risiti za kodi ya pango la ardhi, bili ya maji ya DAWASA isiyo na deni, uthibitisho wa uteuzi wangu na muhtasari wa kikao cha familia. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, hivyo historia ya manunuzi ya umeme nayo iliwekwa. Kwa muuzaji aliye hai na mwenye ndoa ingehitajika pia ridhaa ya mwenza. Wakili wa mnunuzi alipokwenda kufanya upekuzi kwa msajili wa hati, alikuta kila alichoambiwa kiko kama kilivyo kwenye jalada.

Nina ombi moja kwa atakayeitumia huduma kama hii akiwa msimamizi wa mirathi. Mwishoni nilipewa risiti moja yenye jumla tu, na risiti ya namna hiyo haimsaidii mtu anayepaswa kupeleka mahakamani hesabu ya mali aliyoisimamia, wala haimsaidii mbele ya TRA, ambako kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida na gharama za maboresho zilizothibitishwa huingia katika hesabu ya faida hiyo. Niliomba wanigawie mchanganuo wa rangi, mabomba, umeme, lipu, usafi na ukodishaji, kila kimoja na risiti yake ya kielektroniki iliyoandikwa jina la msimamizi, nao walifanya hivyo ndani ya wiki ile ile. Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kulipa malipo ya awali, pamoja na sharti kwamba hakuna kasoro itakayofunikwa bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba.