Umeme wa redio ya intaneti ya paani: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ile redio nyeupe iliyofungwa kwenye mlingoti, inayonasa intaneti kutoka mnara wa mtoa huduma, haili umeme wa ukutani. Inakula umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri), mara nyingi volti 24, unaopanda kwa kebo ileile ya mtandao. Nimefunga na kufungua redio hizi miaka mingi, na kinachoniuma ni kukuta redio nzima kabisa imekufa kwa sababu ya chaja ya kuazima.

Kabla hujatoa hela, geuza redio usome kibandiko chake. Volti lazima zilingane na za kibandiko, au ziwe ndani ya kiwango kinachotajwa. Redio nyingi za NanoStation za Ubiquiti, kwa mfano, zinataka volti 24. Rauta ya MikroTik hEX RB750Gr3 inapokea kuanzia 8 hadi 30. Ampea ni jambo jingine. Chaja ya ampea 1 haidhuru redio inayohitaji nusu ampea, kwa sababu redio huchota kiasi inachotaka tu, kama mtu anayeteka ndoo moja kwenye tangi kubwa. Ampea pungufu ndizo zenye shida: redio itawaka, izime, iwake tena.

Halafu kuna chanya na hasi. Kwenye plagi ya duara tafuta mchoro wa nukta iliyozungukwa na nusu duara. Alama ya + ikiungana na nukta, pini ya kati ndiyo chanya. Kwenye kebo ya mtandao, Ubiquiti na MikroTik hupitisha chanya kwenye nyaya namba 4 na 5, hasi kwenye namba 7 na 8. Redio za zamani za Canopy za Motorola, ambazo baadaye zilihamia kampuni ya Cambium, zilikuwa kinyume: chanya namba 7 na 8. Kwa hiyo vifaa viwili vyenye soketi inayofanana na volti zinazokaribiana vinaweza kuwa maadui. Testa ya bei nafuu ya kupima volti (multimita) inakuonyesha hili kwa sekunde chache. Kama huna, iwe ya kwanza kwenye orodha yako ya manunuzi.

Sasa nipange vyanzo vya umeme, kuanzia kilicho bora.

Nafasi ya kwanza naipa injekta, yaani kisanduku kinachoingiza umeme kwenye kebo ya mtandao, ya mtengenezaji yuleyule wa redio, ya volti zilezile. Kama yako bado nzima, ruka hapa. Ikiwa imeharibika, usishawishike na injekta ya volti 48 eti "ina nguvu zaidi". Zile za 802.3af, kiwango cha kimataifa cha kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, hubisha hodi kwanza: hupima kwa volti zisizozidi 10 hivi, na kifaa kisipojibu hazimwagi umeme, kwa hiyo redio ya volti 24 haitawaka tu. Hatari ni injekta ya 48 isiyobisha hodi. Hiyo inasukuma zote mara moja, na redio yako haitapata nafasi ya pili.

Ya pili, na kwa nyumba nyingi zinazokatikiwa umeme ndiyo ningeinunua leo, ni UPS ndogo ya rauta (kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) yenye tundu la PoE, yaani la umeme kupitia kebo ya mtandao, la volti 24 pamoja na tundu la volti 12 au 9. Inalisha redio na rauta bila inveta. Soma ukubwa wake kwa wati-saa, maana tarakimu za mAh (miliampea-saa) hudanganya macho. UPS ya mAh 10,000 hupimwa kwa betri za volti 3.7, kwa hiyo ndani kuna wati-saa 37 tu. Redio ya wati 6 na rauta ya wati 6 zitakaa saa mbili na nusu, labda tatu. Angalia pia swichi ya kuchagua volti 15 au 24, uipime kwa testa kabla ya kuchomeka. Na jua kwamba matundu mengi ya PoE ya UPS hizi hayapitishi zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde, kwa sababu nusu ya nyaya zimebeba umeme.

Ya tatu ni betri ya volti 12 na kifaa cha kupandisha volti hadi 24. Hii ni kwa sehemu ambako umeme unaondoka siku nzima, au haupo kabisa na unategemea sola. Betri ya risasi ya 12V 7Ah ina wati-saa 84; tumia nusu tu ili idumu, na redio moja ya wati 6 itakaa kama saa sita. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na ncha ya chanya. Paneli ipitie kidhibiti chaji, isiunganishwe na redio moja kwa moja, kwani paneli iitwayo ya 12 hufika volti 21 ikiwa haina mzigo.

Utasikia fundi akisema kifaa cha kupandisha ni gharama ya bure, redio fulani inawaka hata kwa 12. Inawaka, ndiyo, kebo ikiwa fupi. Kwenye mita 60 za shaba safi, redio ya wati 6 ukiipa volti 12 chini, juu zinafika kama 8.5. Ukiipa 24, zinafika zaidi ya 22. Niliwahi kuhangaika siku tatu na redio iliyokuwa ikijizima kila jioni, nikilaumu mnara, nikaipanga upya mara kadhaa. Kebo ilikuwa ya alumini iliyopakwa shaba, na jioni watu walipoanza kutumia intaneti redio ilihitaji umeme zaidi. Nilipoweka 24, ikatulia.

Inveta naiweka ya nne. Kama unayo tayari kwa ajili ya taa, chomeka injekta humo. Kuinunua kwa ajili ya redio pekee ni kupandisha umeme hadi 230 kisha kuushusha tena hadi 24, na kila hatua inakula betri.

Ya mwisho kabisa ni adapta ya kubadilisha-badilisha, yenye swichi ya volti na ncha za kugeuza. Swichi husogezwa na mtoto au na mfagiaji, na ncha ikigeuzwa chanya inakuwa hasi. Ukilazimika kuitumia usiku mmoja, ipime kwanza, kisha funga swichi na ncha kwa utepe wa umeme.