Saanane au Bujora?

Mgeni mwenye siku moja tu Mwanza, akiwa na watoto, mpeleke Saanane. Boti inatokea Capri Point na dakika chache baadaye mmeshafika. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane, mvuvi na mkulima aliyeishi pale kabla serikali haijaanzisha bustani ya wanyama mwaka 1964. Baadhi ya wanyama walipitia hapo wakisubiri kupelekwa kisiwa cha Rubondo. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa: swala pala wanajilia majani, pimbi wanaota jua mawe yakishapata moto. Watoto hawachoki.

Mimi mwenyewe, hata hivyo, ningepanda gari la Kisesa niende Bujora. Makumbusho haya ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kuna ngoma za watemi, na habari za Bagika na Bagalu, makundi ya wacheza ngoma wanaoshindana hadi leo, wengine wakiwa na chatu mkononi. Mlipe mwongozaji, usione uchungu; bila yeye utatazama vigoda na vibuyu tu. Ukiweza, nenda Juni, msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma.