Mama Aliambiwa Kadi ya Bima Si Yake

Nimekaa na hasira hizi tangu kabla ya mfungo, nikijiambia zitapoa, nisije nikaandika kwa ghadhabu. Hazikupoa. Basi naandika.

Mama yangu ni mtu wa Pemba, wa shamba, umri ushapita sabini. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshafunga kwa mtoto wa jicho, la kushoto likawa linafuata. Mimi naajiriwa na taasisi ya Muungano, kwa hivyo makato yangu ya bima yanakwenda NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Wenzangu wa SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, wao wako kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ule ulioanzishwa kwa sheria ya 2023. Nalitanguliza hili kwa sababu hapa visiwani watu wanaichanganya sana mifuko hii miwili. Mtu anampakia mzee wake kwenye gari, anapanga foleni dirisha silo, anarudishwa, basi tena, harudi. Kama una mzee, tazama kwanza karatasi yako ya mshahara, au ya ndugu yako mwenye kazi, ujue anakatwa na mfuko upi.

Na jengine ambalo wengi hawalijui: NHIF inakubali mchangiaji amwandikishe mzazi wake kuwa mtegemezi. Watu wanadhani ni mume au mke na watoto tu. Nafasi zina kikomo, ukishazijaza watoto mzazi hana pa kuingia, kwa hivyo kaeni ndugu mliopata ajira mgawane nani amchukue nani. Kwa mzazi wanataka cheti chako wewe cha kuzaliwa chenye jina lake, na kitambulisho chake. Sisi tulikwama kwenye jina la babu. Cheti changu kimeandikwa Khamis, kama tunavyoandika huku kwetu. Kwenye kitambulisho cha Mama aliyejaza aliandika Hamisi, kama wanavyoandika bara. Babu ni yule yule, kaburi lake moja, lakini tukatakiwa tupeleke kiapo cha majina. Lilikwisha, silirefushi.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kumfahamisha mwenyewe. "Bima ya nini, na Mzee Karume kashasema matibabu bure?" Na hapo hana kosa. Matibabu ya hospitali za Serikali yalipotangazwa bure mwaka 1965 yeye alikuwa kigoli, kakulia humo, kazalia humo. Kutoa pesa kwa maradhi ambayo bado hujayaugua, kwake huko ni kuyaita. Nilimweleza kwa makato, nikamweleza kwa mfuko, hakuniitikia hata kidogo. Mwisho nikamuuliza ile dawa yake ya presha ananunua kwa pesa gani. Akanyamaza. Ananunua kwa Pensheni Jamii, ile Serikali ya Zanzibar inayowapa wazee waliotimiza miaka sabini, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hospitali anaonwa bure, kweli, lakini dawa ikikosekana anaandikiwa akanunue dukani, na pensheni inaishia huko. Akasema: "Haya, kama itanibakishia pesa yangu ya pensheni, niandikishe."

Kadi ikatoka. Tukapanda meli bandari ya Mkoani, huko huko Pemba, kwenda Unguja, tukafikia kwa mamdogo, na asubuhi tukaenda kwenye kituo kimoja cha matibabu kinachopokea kadi hiyo. Jina silitaji.

Pale mapokezi kuna kijana na mashine ndogo nyeusi, kioo chake kinawaka taa nyekundu, waya wake umefungwa plasta. Ndiyo ya kuhakiki kwamba aliyekuja ndiye mwenye kadi. Kijana hakumsalimu Mama. Aliniambia mimi: "Mwambie aweke kidole." Mama akaweka. Mashine ikakataa. "Mwambie akandamize." Ikakataa. "Mwambie asitikise mkono." Mzee wa miaka sabini na kitu, jicho moja halioni, unamwambia asitikise mkono, tena humwambii mwenyewe, unamwambia mwanawe!

Sasa vitazameni vidole vya Mama. Ncha zake zimelainika zikawa zinang'aa, mistari imebaki kidogo ubavuni tu. Msimu wa karafuu kwetu mkichuma mchana, usiku mnakaa kwenye majamvi mnachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, huku, kwa ncha za vidole, mpaka kucha zinageuka rangi. Mama ameifanya kazi hiyo tangu yuko mtoto. Msimu ukipita anasuka ukili wa mikeka. Ngozi ya mtu mzima yenyewe inakonda, na ya kwake ilishaliwa zamani kwa kazi. Pemba nzima imejaa wazee wa vidole hivi.

Kijana alijaribu kidole kile kile, cha gumba cha kulia, mara nyingi, halafu akaegemea kiti na kusema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia: "Hii kadi si ya huyu bibi. Watu siku hizi mnazungushiana kadi."

Nilimpa kitambulisho chenye picha. Nikamwonyesha picha ya kwenye kadi. Mama alifunua uso vizuri, akaweka ushungi nyuma, akasogea dirishani ili atazamwe. Wallahi, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mama yangu kujisogeza kwa mtoto mdogo ili athibitishe kwamba yeye ni yeye. Akamuuliza kwa upole: "Mwanangu, kama si yangu, ni ya nani?" Yule hakujibu. Akamwita wa nyuma yetu.

Nataka kuwa muadilifu. Kuazimana kadi kupo, na pesa inayoibiwa kwa mchezo huo ni pamoja na yangu mimi ninayekatwa kila mwezi. Mashine iwepo. Uhakiki uwepo, sina ugomvi nao, na pengine kijana yule kaambiwa mashine ikikataa asipokee mtu. Pengine. Lakini nani alimwambia amtangaze mzee kuwa mwizi mbele ya watu? Picha alikuwa nayo, kitambulisho alikuwa nacho, simu iko mezani. Angeweza kumwita mkubwa wake. Angeweza kusema, "Bibi, kaeni kidogo, tunatafuta njia." Hakuna mfumo wowote uliomkataza kusema hivyo. Nilianza kuandika kwa kumtafutia udhuru na sasa naona hana.

Mama hakuzungumza njia nzima. Tulipofika kwa mamdogo alianza kukunja nguo zake. "Nirudishe Pemba. Miye sijawahi kuitwa mwizi tangu kuzaliwa, nije niitwe kwa jicho." Usiku ule mimi mwenyewe niliamua kwamba bima hii haina maana yoyote, kwamba tunakatwa pesa ili tukadhalilishwe, na kwamba nitamwambia kila mtu kazini asijisumbue kuandikisha mzee. Mamdogo ndiye aliyemtuliza dada yake. Akatupeleka kwenye kituo chengine ambacho jirani yake ametibiwa.

Kadi ile ile. Mashine ya namna ile ile. Mapokezi yupo binti mdogo, akainuka kidogo kwenye kiti: "Assalamu alaykum bibi, karibu, habari za Pemba?" Kajuaje Pemba? Kwa sauti ya Mama tu. Akaweka gumba la kulia, ikakataa, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio. Binti akasema, "Bibi, mikono yako imefanya kazi hii," akachukua kitambaa akakitia maji kidogo, akampangusa vidole kimoja kimoja, yeye mwenyewe akaushika mkono wa Mama na kuubonyeza taratibu. Gumba la kushoto, hapana. Cha shahada, hapana. Cha kati cha kushoto, kikakubali! Akakiandika kwenye karatasi ya Mama: cha kati, kushoto. Akatuambia tukija tena tuanze na hicho tusihangaike. Yote hayo hayakufika muda wa kunywa kikombe cha chai.

Jicho likafanyiwa operesheni. Sikutoa shilingi mfukoni, si ya operesheni, si ya dawa ya matone, na hapo ndipo nikawa sina budi kuyafuta niliyoyaamua usiku ule. Siku alipofunguliwa bandeji tulirudi nyumbani, akaingia jikoni kwa mdogo wake, akatazama sahani na kusema changu hawa hawakuparwa vizuri, magamba yanaonekana. Mamdogo alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hivyo ukiniuliza uandikishe mzazi wako au usiandikishe, nakwambia mwandikishe, tena leo, kabla nafasi hazijajaa. Nimeona kwa macho yangu. Ila siwezi kuishia hapo, kwa sababu kila nikikumbuka lile benchi damu inanipanda tena. Mama alikuwa na mimi, mwenye kujua kusoma na kugombana. Alikuwa na mamdogo. Mzee aliyekuja peke yake na kadi yake akaambiwa si yako atafanya nini? Atarudi kwao na jicho lake. Na wanaofutika vidole si watu wa ofisini. Ni wachuma karafuu, wasuka ukili, wapiga makumbi ya nazi, wakulima wa mwani. Karafuu zilizoilisha nchi hii miaka na miaka ndizo zilizowala vidole, na leo vidole hivyo hivyo vinatumika kuwaambia kwamba si wao. Hapana. Hilo mimi silikubali, na hata operesheni ile nzuri hainifanyi nilikubali.

Kile kituo cha kwanza niliwapelekea barua, nikataja siku, saa na dirisha. Wamejibu kwamba wamelipokea na watalifanyia kazi. Mpaka naandika haya hakuna aliyempigia Mama simu kumtaka radhi, na namba yake nimewaandikia.

Mwenye mzee wa vidole kama hivi, msimamie hapo hapo dirishani, mwambie karani kwa adabu ajaribu vidole vyote kumi, mkono uwe na unyevu kidogo, na kikikubali kimoja kiandikeni. Kitambulisho chenye picha kiwe mkononi, kisiwe ndani ya mkoba. Karani akikataa, ulizia mkubwa wake na usiondoke mpaka aje.

Jicho la kushoto la Mama limepangiwa baada ya Iddi. Tunakwenda kwa yule binti.